Pasi ya Interrail Msimu wa Baridi: Wapi Inamlipa Mwanafunzi, Wapi Inamla Hela

Pasi ya Interrail ni tiketi moja inayokuruhusu kupanda treni katika nchi nyingi za Ulaya. Tuanze na hesabu. Pasi ya Interrail ya siku 4 za safari ndani ya mwezi 1, daraja la pili, kwa mtu wa miaka 12 hadi 27, miaka ya karibuni imekuwa ikiuzwa euro 210 na ushei. Gawanya kwa nne: kila siku unayopanda treni inakugharimu euro 53 hivi, kabla hujala wala hujapata pa kulala. Kipimo ni hicho. Siku ambayo tiketi ya kawaida ingepatikana kwa euro 25, pasi imekula hasara. Siku ambayo ungelipa 120, imejilipa yenyewe na chenji juu. Wengi huinunua kwa kutazama ramani ya nchi 33, wakaiona Ulaya yote ni yao, halafu wakifika Paris wanaambiwa pasi ni halali, ila kiti kinalipiwa kivyake.

Kwa asiye na muda wa kusoma hadi chini: kuanzia Desemba hadi Machi, pasi hii ni nzuri sana kwa Ujerumani, Uswisi, Austria na Cheki; ya wastani kwa Italia; kwa Ufaransa na Uhispania afadhali tiketi za kawaida. Na uzuri wake wakati wa baridi hautoki kwenye bei. Unachonunua ni haki ya kuchelewa. Tiketi ya bei ya chini imefungwa kwenye treni moja. Treni ikichelewa utafunguliwa, lakini ukichelewa wewe, au ukiachwa na treni ya kampuni nyingine uliyoikatia tiketi ya peke yake, hela imekwenda. Mwenye pasi anapanda inayofuata bila kumwomba mtu.

Kuna majina mawili na bidhaa karibu moja. Interrail ni ya wakaazi wa Ulaya, Eurail ni ya wageni wanaotoka nje. Kuwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo hakukupeleki moja kwa moja kwenye Eurail: ukiwa na kibali cha ukaazi cha nchi unakosoma, wewe ni mkaazi, unanunua Interrail, na unatembea na kibali hicho ili konda akiuliza umwonyeshe. Tofauti inayouma ni kwamba ndani ya nchi unayoishi Interrail inakupa safari moja tu ya kutoka na moja ya kurudi, na zote mbili zinahesabiwa ndani ya siku zako. Anayesoma Leipzig hawezi kuitumia kwenda kumsalimia ndugu yake Hamburg, kisha ashuke Köln, kisha Munich. Kazi hiyo ni ya Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mikoa na usafiri wa miji kote Ujerumani, ambayo ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, na wanafunzi wengi wanayo tayari kupitia ada ya muhula. Kwa treni za mikoa inakufikisha hadi Salzburg, Kufstein au Basel Badischer Bahnhof. Mtu wa Munich au Freiburg akifika mpakani kwa tiketi hiyo, ameokoa siku nzima ya pasi. Wa Leipzig asijaribu. Treni za mikoa zitammalizia mchana wote, na mchana wa Desemba wenyewe ni mfupi.

Wakati wa kununua, angalia majina. Sisi wa majina matatu huwa tunayachanganya: jina la baba leo linakaa katikati, kesho mwisho. Andika jina la ukoo lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu ni hilo, pamoja na namba ya pasi, utakaloliingiza kwenye programu ya Rail Planner ili pasi ikae kwenye simu. Likitofautiana, pasi haipatikani.

Aliyezoea SGR ya kwetu, iwe ya Dar hadi Dodoma au ya Mombasa hadi Nairobi, anajua kuwa tiketi na kiti ni kitu kimoja: behewa na namba vimeandikwa. Huku pasi ni nauli tu, na kila nchi ina desturi yake ya viti. Treni za kasi za ICE za ndani ya Ujerumani, za Railjet za ndani ya Austria, treni za kawaida za Uswisi, Uholanzi, Ubelgiji na nyingi za Cheki hazikulazimishi kuweka nafasi. Unaingia, unakaa palipo wazi. TGV, treni za kasi za Ufaransa, zinalazimisha, na kwa mwenye pasi kiti cha safari ya ndani huwa euro 10 au 20 kwa kila treni. Tena viti vya wenye pasi vimewekewa kiwango. Vikiisha, treni inaweza kuwa nusu tupu na wewe usiuziwe. Eurostar, treni ya kasi ya Paris, Brussels na London, ni hivyo hivyo, kwa bei ya juu zaidi. Uhispania treni nyingi za masafa marefu zinadai nafasi. Italia treni ya kasi, Frecciarossa, inadai euro kumi na kitu, lakini treni za mikoa ni bure kwa mwenye pasi, mradi una subira. Ukiweka nafasi kupitia mtandao wa Interrail wenyewe unaongezewa euro 2 kwa kila mtu kwa kila treni. Nafasi za treni za Austria zinapatikana kwenye tovuti ya ÖBB, shirika la reli la Austria, ukichagua kiti peke yake bila nauli, na dirisha la tiketi la stesheni kubwa bado linafanya kazi hiyo.

Hata pale pasipo lazima, kuna siku za kulipia. Kuanzia tarehe 19 hadi 23 Desemba, na tena siku za kwanza za Januari watu wakirudi, nunua kiti cha ICE. Daraja la pili ni euro 5 na senti. Usiponunua, hakuna sheria uliyovunja, ila utasimama karibu na mlango wa choo kutoka Frankfurt hadi Basel, takriban saa tatu.

Treni za usiku ndiko hesabu ya siku inakoharibika, na Mswahili ana mtego wake wa ziada. Kanuni ni hii: treni ya usiku ya moja kwa moja inayoondoka kabla ya saa sita usiku inakula siku moja tu, ile ya kuondoka, hata ikifika kesho yake asubuhi. Ukibadilisha treni baada ya saa sita usiku, siku ya pili nayo imeguswa. Sasa chukua treni inayoonyeshwa 00:12 ya tarehe 23. Kwa maneno yetu huo ni usiku wa kuamkia tarehe 23, yaani uwe stesheni usiku wa tarehe 22. Anayesoma haraka anafika siku moja baadaye, treni ilishafika inakokwenda na nafasi aliyoilipia imekufa. Saa nazo vivyo hivyo: 19:25 ya kwenye programu ni saa moja na dakika ishirini na tano usiku. Mkipanga kukutana stesheni, andikianeni tarakimu za saa 24, msitaje saa kwa Kiswahili. Ni ushauri mchungu kwa mpenda lugha, lakini treni haisubiri.

Kwenye Nightjet, treni za usiku za ÖBB, kuna kiti, kitanda cha kukunja katika chumba cha watu kadhaa, na chumba cha kulala hasa. Pasi inafuta nauli, nyongeza unalipa kulingana na siku. Kiti ndicho rahisi na ndicho kibaya: taa, mlango unaofunguka kila kituo, begi la kulilinda. Kitanda cha kukunja kina shuka na blanketi, na asubuhi unapewa kifungua kinywa kidogo. Kihesabu kama usiku wa hosteli na utaona bei inaingia akilini. Ukiokoa kwenye kiti utailipa kesho yake kwa kulala kwenye benchi la makumbusho ya Vienna.

Mzunguko unaoonyesha pasi ya siku 4 ikifanya kazi vizuri ni huu, kwa anayeishi Leipzig. Siku ya kwanza, Leipzig–Frankfurt–Basel–Chur (Uswisi), mwendo wa takriban saa tisa. Hiyo ndiyo safari yako ya kutoka. Siku ya pili, Chur–St. Moritz–Tirano–Milano. Unapumzika Milano bila kugusa pasi. Siku ya tatu, Milano–Venezia asubuhi, unazurura hadi jioni, kisha Nightjet ya kwenda Vienna kwa siku hiyo hiyo. Unakaa Vienna unavyotaka. Siku ya nne, Vienna–Praha, mwendo wa saa nne, begi kwenye kabati la stesheni, unatembea Praha saa tatu nne, kisha Dresden na Leipzig. Hiyo ni ya kurudi. Katika mzunguko wote, nafasi ya lazima ni ya Nightjet peke yake, ukikubali kwenda Venezia kwa treni za mikoa kupitia Verona.

Siku ya pili ndiyo inayobeba thamani, na ndipo watu wanapotupa hela. Matangazo yote ni ya Bernina Express, yenye madirisha makubwa na nyongeza ya lazima ya kiti. Treni za kawaida za kampuni hiyo hiyo, Rhätische Bahn, zinapita reli hiyo hiyo, madaraja yale yale, na pasi inatosha bila senti ya ziada. Unabadilisha mara moja tu, St. Moritz. Baadhi ya mabehewa yake yana madirisha yanayofunguka, jambo ambalo mpiga picha analipenda kwa sababu kioo kikubwa kilichofungwa kinarudisha sura yako mwenyewe kwenye picha. Kaa upande wa kulia ukitoka Chur. Utaliona daraja la Landwasser, mita 65 juu ya bonde, reli ikipinda na kuingia moja kwa moja kwenye mwamba. Kisha treni inapanda hadi Ospizio Bernina, mita 2,253 kutoka usawa wa bahari, na kushuka hadi Tirano, mita 429, kwa mteremko unaofika asilimia 7 bila meno ya kushikia reli. Karibu na Brusio inazunguka juu ya daraja la duara ili kupunguza ukali wa mteremko. Reli hii iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na magari ya kuondoa theluji huiweka wazi majira yote ya baridi.

Kinachokosewa ni saa. Chur hadi St. Moritz ni mwendo wa saa mbili, St. Moritz hadi Tirano ni saa mbili na nusu hivi, Tirano hadi Milano saa mbili na nusu tena. Desemba jua huondoka mabondeni kabla ya saa kumi jioni. Ondoka Chur kabla ya saa tatu asubuhi, upite Bernina mchana. Ukiondoka saa saba utavuka milima ya Alpi ukitazama taa za behewa kwenye kioo. Tirano stesheni ya Uswisi na ya Italia ziko ubavuni mwa kila moja, hakuna haja ya teksi. Bila pasi, Chur hadi Tirano peke yake ni zaidi ya faranga 60 kwa bei kamili, na bado hujafika Milano.

Turudi kwenye simu, maana pasi ipo ndani yake. Utaratibu: unaingiza pasi, unaiwasha kwa tarehe ya kuanza, unatengeneza safari, unaongeza kila treni, unaiwasha kabla ya kupanda, na konda anasoma msimbo wa QR. Neno zito hapo ni "kabla". Kuongeza treni baada ya kukaa kitini, konda akiwa behewa la jirani, kunaweza kuhesabiwa kama kusafiri bila tiketi. Picha ya skrini haikubaliwi. Siku uliyoiwasha unaweza kuizima hadi usiku wa kuamkia siku hiyo, ikishaingia, imekwenda. Kosa jingine la kawaida ni kuwasha treni ya mjini ya Ujerumani, ya vituo vitatu tu, siku moja kabla ya safari kubwa: programu inaihesabu kama siku yako ya kutoka nchini, na kesho yake huna tena. Kumbuka pia kuwa S-Bahn (treni za mjini) za Deutsche Bahn (DB), shirika la reli la Ujerumani, zimo kwenye pasi, ila U-Bahn (treni za chini ya ardhi), tramu na mabasi ya miji hazimo.

Baridi inaua betri. Betri za simu hupoteza nguvu kwenye digrii chini ya sifuri. Simu yenye asilimia 40 inaweza kuzima ghafla ukiwa jukwaani unasubiri. Ikipata joto huweza kuwaka tena, lakini konda hasubiri ipate joto. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na pawabanki ikae humo humo. Simu iliyoganda usiichaji papo hapo. Iache irudi kwenye joto la kawaida, maana kuchaji betri ya lithiamu ikiwa baridi kunaiharibu. Halafu Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, kwa hiyo bando lako la Ujerumani au Italia huenda lisifanye kazi kule, au likakatwa kwa bei ya ajabu. Ongeza treni zote za Uswisi ukiwa bado kwenye waifai ya hosteli.

Kuhusu kuchelewa, usidhani ni hadithi. Tarehe 2 Desemba 2023 theluji ilifunga uwanja wa ndege wa Munich na stesheni kuu ya mji huo kwa wakati mmoja, na abiria wakalala ndani ya treni. Siku za kawaida tatizo ni dogo zaidi: barafu kwenye nyaya za umeme, swichi za reli zilizoganda, dakika 40 hapa, 70 pale. Acha angalau dakika 30 kati ya treni na treni, na ukiwa na treni ya usiku usitegemee treni ya mwisho kabisa inayoweza kuiwahi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Juni 2023 inaitoa kampuni kwenye fidia hali ya hewa ikiwa mbaya kupita kiasi, lakini haiitoi kwenye wajibu wa kukuhudumia: chakula, kinywaji, na malazi ukikwama usiku. Uliza dirishani, usiondoke kimya kwenda kulipia hoteli. Kwa ucheleweshaji wa dakika 60 na zaidi, mwenye Interrail anadai kupitia tovuti ya Interrail yenyewe. Piga picha ubao wa treni unaoonyesha muda.

Nyaraka. Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida mipakani, haimaanishi hakuna polisi. Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na treni zinazoingia kutoka Austria husimamishwa Passau, Freilassing na Rosenheim. Wafaransa nao hukagua Menton treni zitokazo Ventimiglia. Pasipoti na kadi ya ukaazi ziwe halisi, zote mbili, mwilini na si kwenye begi juu ya rafu. Nakala ya simu haitoshi. Ukiwa unasubiri kadi mpya na una Fiktionsbescheinigung (hati ya muda ya Ujerumani wakati ombi lako la kibali likishughulikiwa), tazama kisanduku kilichowekwa alama: cha kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi kinakuruhusu kurudi Ujerumani, cha aya ya 3 hakikuruhusu. Kadi ya ukaazi inakupa siku 90 katika kila siku 180 kwenye nchi nyingine za Schengen. Uingereza na Ireland zimo kwenye pasi lakini hazimo Schengen. Pasi haigeuki viza.

Mavazi hayana siri kubwa: nguo ya ndani ya sufu au polyester, si pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho inabaki baridi, sweta, koti lisilopitisha upepo, viatu vyenye nafasi ya soksi nene, kwani kiatu kinachobana hugandisha vidole. Mafuta mazito ya kujipaka, midomo usiisahau. Begi la mgongoni la lita 40 linashinda sanduku la magurudumu kwenye theluji na mawe ya barabara za Praha. Tarehe 24 mchana hadi 26 Desemba maduka Ujerumani yamefungwa. Yanayobaki wazi ni ya stesheni, kwa bei za stesheni. Choo cha stesheni ni euro 1.

Lini basi? Krismasi ina soko na taa, pia ina umati na ratiba iliyopunguzwa. Juu ya hayo ratiba mpya ya mwaka huanza Jumapili ya katikati ya Desemba, na treni uliyoizoea huweza kubadilika saa. Kwa Ujerumani wakati bora ni baada ya mihadhara kuisha, katikati ya Februari hadi mwisho wa Machi. Siku zimerefuka, theluji ya Bernina bado nene, hosteli zimeshuka bei, isipokuwa Venezia wiki za Karnivali. Kwa mwaka 2026 na 2027 Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi: funga ya huku kipindi hicho ni nyepesi kwa urefu wake, ila magharibi yatakukuta ndani ya behewa, na behewa la chakula halipo kila treni. Tende na chupa ya maji begini.

Nani asinunue? Mwenye tarehe zisizobadilika na miji miwili tu. Huyo akikata tiketi miezi miwili kabla, kwa treni za bei maalumu za DB au ÖBB, au basi la FlixBus, atatumia chini ya nusu ya bei ya pasi. Anayependa ndege za bei rahisi akumbuke kuwa baadhi ya mashirika humtaka abiria asiye na pasipoti ya Ulaya apitie dirisha la ukaguzi wa nyaraka kabla ya usalama, na foleni hiyo imewaacha wengi. Anayenunua pasi asubiri punguzo ambalo kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Novemba; pasi ina miezi 11 ya kuanzwa tangu kununuliwa, kwa hiyo ya Novemba inafika Februari bila shida. Umri unapimwa siku ya kwanza ya safari, si siku ya kulipa. Na pasi ya bei kamili ambayo haijawashwa hurudishiwa fedha kwa makato, wakati ya punguzo mara nyingi hairudishwi kabisa. Mstari huo usome kabla ya kubonyeza lipa.